Jinsi ya kuweka HTML yako kwenye Moodle, na kuomba ruhusa mfumo ukiikata

Walimu wengi wanatumia Moodle, mfumo wa kuendeshea kozi mtandaoni, kila siku bila kujua, maana MUELE ya Makerere ni Moodle, mfumo wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania nao ni Moodle, majina tu ndo yanabadilika. Na malalamiko ni yaleyale: nimebandika kodi ya HTML (lugha ya kutengenezea kurasa za wavuti), nimesevu, nikifungua haipo. Mara nyingi haijapotea, imekatwa makusudi.

Kabla ya yote andika kodi yako nje, kwenye Notepad, sio Word maana Word inabeba uchafu mwingi wa staili, na uitunze hiyo faili. Page, yaani ukurasa wa maelezo unaoongezwa kwenye kozi, hautunzi toleo la jana, ukisevu vibaya ya zamani ndo imeenda hivyo.

Sasa ingia kwenye kozi, washa edit mode, fungua Page yako. Kama editor yenu, yaani kisanduku cha kuandikia, ni TinyMCE nenda menyu ya View ubonyeze Source code, kama bado mko na Atto ya zamani fungua kwanza vitufe vilivyofichwa ndo utaona kile chenye alama za HTML. Bandika, sevu. Hakikisha kila div (tagi ya HTML inayofungia sehemu ya ukurasa) uliyofungua umeifunga, hili nalisisitiza sana kwa sababu div moja iliyobaki wazi kwenye maelezo ya wiki ya kwanza inaweza kuvuruga ukurasa mzima wa kozi na wanafunzi wakaona vitu vimepangana hovyo. Upana wa majedwali na picha weka kwa asilimia, usiweke pikseli, wanafunzi wengi wako kwenye simu.

Picha nazo zina mtego wake. Ukikopi kodi kutoka editor moja kwenda nyingine angalia linki ya picha, ukiona neno draftfile.php ujue hiyo ni faili ya muda na ni ya akaunti yako peke yako, yaani we utaiona vizuri kabisa ila darasa zima halitaona kitu. Iapload upya palepale inapotakiwa.

Haya, kukatwa. Kwenye Page ya mwalimu kodi nyingi hupita, ila kwenye forum, sehemu ya majadiliano, Moodle inasafisha kila posti, script (kodi inayojiendesha kwenye kivinjari) inatolewa, onclick (amri inayofanya kazi mtu akibonyeza) inatolewa, na iframe nyingi (madirisha ya kuonyesha tovuti nyingine ndani ya ukurasa) zinatolewa pia. Ni ulinzi wa kweli, script ya mtu mbaya inaweza kufanya mambo kwa kutumia akaunti ya mwalimu aliyefungua tu hiyo posti, hadi maksi zikaguswa. Kama shida yako ni video ya YouTube huhitaji kuomba chochote, weka linki ya kawaida tu, filta ya multimedia ikiwa imewashwa inaigeuza kuwa pleya.

Kama kweli unahitaji zaidi ya hapo, muandikie admini. Taja jina na linki ya kozi, sehemu gani hasa kodi inakatwa, ambatanisha kodi yenyewe nzima, sema inavuta vitu kutoka tovuti gani na mwanafunzi atafaidika nini. Admini ana kazi mbili, kuwasha Enable trusted content upande wa usalama wa saiti, na kuipa roli yako ruhusa ya Trust submitted content. Omba kwa ajili ya kozi yako tu, usiombe walimu wote wapewe, ombi dogo linaeleweka na linajibiwa haraka.

Ukishapewa, fungua posti ya zamani ubandike kodi tena na usevu upya, maana Moodle inaweka alama ya kuiamini posti wakati wa kusevu. Halafu ingia na akaunti ya majaribio ya mwanafunzi, kwenye simu, uangalie kila kitu.

Wakikataa, usilazimishe. Tangu toleo la 3.9 la mwaka 2020 Moodle ina shughuli ya H5P, zana ya kutengenezea mazoezi shirikishi, ndani yake, na maswali ya kuburuta, video zenye maswali katikati na kadi za kugeuza unaweza kuzitengeneza humo bila kuandika script hata moja.