Namna ya Kuchagua Pasi ya Kushonea, Hasa kwa Anayeunga Vipande vya Vitenge

Anayeshona mfarishi wa vipande vya vitenge hana budi kuanza na hesabu. Safu yenye vipande 12 ina mishono 11, na ikiwa kila mshono umeachwa na mkunjo wa milimita 1 kwa sababu haukulazwa sawasawa, safu hiyo itakuwa fupi kwa milimita 11 kuliko ile ya jirani yake, na zitakapounganishwa kitambaa kitavutana na kufanya matuta. Wengi hulaumu cherehani au mkasi wakati kosa limetokea kwenye meza ya kupigia pasi. Kwa mtu anayeshona, pasi ni chombo cha kushonea kama sindano ilivyo, na tofauti na pasi ya kunyooshea shati la kwenda kazini, hutumika baada ya kila mshono, tangu kipande cha kwanza hadi ukingo wa mwisho.

Jambo la kwanza la kuangalia ni uzito. Ukipita katika maduka ya Luthuli Avenue au kwenye supamaketi yoyote ya Nairobi, pasi zinazopangwa mbele ni nyepesi, za plastiki, zenye vitufe vingi na wati nyingi zilizoandikwa kwa herufi kubwa juu ya boksi. Pasi hizo zimeundwa kwa ajili ya kuteleza juu ya shati. Mshono, kinyume chake, hausuguliwi bali hugandamizwa: unaiteremsha pasi juu yake, unaitua kwa sekunde chache, unaiinua, kisha unaihamishia mahali panapofuata. Ukiisukuma huku na huku, kitambaa kilichokatwa mshazari huvutika, na kipande kilichokuwa mraba hugeuka kuwa na pembe zilizolala upande. Pasi ya kilo 1.5 hadi 2 hugandamiza kwa uzito wake yenyewe, lakini ile isiyofika kilo 1 itakulazimu uikandamize kwa mkono na bega, na baada ya saa mbili bega litaanza kulalamika. Mimi nachagua pasi nzito bila kusita, ila nashauri kila mtu aiombe dukani, aiinue na kuishusha mara kumi akiwa amesimama, kwa kuwa mkono wa kila mtu una kipimo chake na mpini mwembamba unaweza kuchosha kuliko uzito wenyewe.

Baada ya uzito, igeuze pasi ulitazame bamba lake la chini. Ncha inapaswa kuwa nyembamba kiasi cha kuingia katikati ya mshono uliofunguliwa bila kukanyaga kitambaa cha pembeni, na ncha iliyoviringika kama kijiko haifai kwa kola wala kwa kona za vipande vidogo. Weka rula juu ya bamba, kwa urefu na kwa upana; ukiona mwanga ukipita chini ya rula, bamba hilo limepinda na halitagusa kitambaa chote kwa wakati mmoja. Bamba la chuma cha pua huvumilia mikwaruzo na kusafishwa mara kwa mara, na lile lililopakwa utando usionata huteleza vizuri lakini utando huo huchubuka likipita juu ya pini, jambo ambalo mshonaji hawezi kuliepuka daima.

Yapo pia matundu ya mvuke. Mahali penye tundu chuma hakigusi kitambaa, na kwa nguo iliyokwisha kushonwa hilo halina madhara. Unapobandika kile kitambaa cha gundi kinachotiwa ndani ya kola ili isimame, lakini, kila tundu huweza kuacha doa ambalo gundi haikushika, na baada ya kufuliwa mara chache kola hufanya malengelenge. Kwa kazi hiyo pasi kavu yenye bamba lisilo na tundu hata moja ndiyo bora, na ukiwa na uwezo wa kununua pasi moja tu, ninakushauri ununue hiyo.

Najua wapo watakaoshangaa kwamba nauacha mvuke. Mvuke una kazi yake: hulainisha mikunjo migumu ya pamba, na kwa suti ya sufi ni karibu lazima. Katika kuunga vipande, hata hivyo, unyevu pamoja na joto huufanya uzi wa kitambaa ulegee na uweze kuvutika, na hapo ndipo vipimo huharibika. Chupa ndogo ya kunyunyizia maji inatosha pale mkunjo unapokaidi. Isitoshe, tangi la maji ndilo sehemu inayoharibika mapema. Pasi yangu ya kwanza ya mvuke ilidondosha maji ya kutu juu ya kipande cheupe cha pamba nilichokuwa nimekishonea siku tatu, na doa lile halikutoka kamwe. Ukiamua kununua ya mvuke, basi hakikisha ina swichi ya kuufunga mvuke kabisa, muuzaji aijaze maji na kuiwasha mbele yako ili uone kama inavuja, na nyumbani ulimwage tangi kila umalizapo kazi. Anayeishi kwenye mtaa unaotegemea maji ya kisima cha kuchimbwa aepuke kuyatia maji hayo ndani ya pasi, kwa sababu madini yake huganda kwenye matundu na baadaye hutoka kama unga mweupe juu ya nguo.

Kuhusu joto, kumbuka maana ya nukta zilizo kwenye gurudumu la kupimia: nukta 1 ni takriban nyuzi 110 za Selsiasi, nukta 2 ni takriban 150, na nukta 3 ni takriban 200, ambazo ni za pamba na lineni. Vitenge vinavyouzwa Eastleigh na Gikomba si vyote vya pamba, hata kama rangi na michoro inafanana. Chomoa uzi mmoja kwenye ukingo uuchome kwa uangalifu: wa pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini, ilhali wa poliesta husinyaa na kuacha kitone kigumu. Poliesta ikikutana na nukta 3 hung'aa, hukunjamana, au hunata kwenye bamba. Kwa hiyo pasi inayofaa ni ile ambayo kidhibiti chake cha joto ni cha kuaminika: iwashe, sikiliza mlio mdogo taa inapozimika, kisha angalia kama inawaka na kuzimika tena kwa vipindi vinavyokaribiana. Wati 1000 hadi 1200 zinatosha kabisa kwa pasi kavu nzito, kwa kuwa chuma kinene huhifadhi joto, na anayenunua stima kwa tokeni atafurahia hilo: pasi ya wati 1200 haiwezi kula zaidi ya uniti 1.2 kwa saa moja, na kwa kuwa hujizima na kujiwasha, kwa kawaida hula pungufu ya hapo.

Stima yetu ni ya volti 240. Pasi ya mtumba iliyotoka Uingereza itafanya kazi hapa bila shida, lakini iliyotoka Marekani na kuandikwa volti 120 itapokea nguvu mara 4 ya ile iliyotengenezewa, nayo itaungua. Plagi ya miti miwili ya mviringo iliyochomekwa kupitia adapta ya bei rahisi mara nyingi huiacha pasi bila waya wa ethi, ule unaopeleka ardhini stima iliyovuja, na kwa chombo cha chuma kinachokaribiana na maji hiyo ni hatari ya kweli. Tafuta plagi ya miti mitatu ya bapa, waya mnene usiopungua mita 2, na alama ya shirika la kukadiria ubora wa bidhaa, KEBS. Usichomeke pasi na cherehani kwenye ekstensheni moja nyembamba. Pasi ya wati 2400 peke yake huvuta ampea 10.

Pasi zinazojizima zenyewe huwaudhi washonaji, maana unarudi na mshono mkononi na kuikuta imepoa. Hata hivyo, anayeshonea nyumbani Nairobi anajua jinsi stima inavyopotea katikati ya kazi, mtu akaondoka kwenda dukani akiwa amesahau swichi, kisha stima ikarudi nyumba ikiwa haina mtu. Kama una watoto au hukumbuki swichi, vumilia usumbufu huo.

Pasi ya makaa bado iko kwenye vibanda vingi vya mafundi, na kwa uzito haina mshindani, ila joto lake halina kipimo, hudondosha majivu, na moshi wa makaa ndani ya chumba kilichofungwa una hewa ya sumu inayoweza kuua. Itumike nje au mahali penye upepo, na iwe kwa vitambaa vya pamba.

Hata pasi nzuri itashindwa juu ya godoro. Tandika blanketi la pamba juu ya ubao mgumu, ulifunike kwa leso kuukuu, na usitumie sponji, kwa kuwa hubonyea na kitambaa hubonyea nayo.

Siku utakapoifikisha nyumbani, tunza risiti, kisha kata vipande vitatu vya upana wa sentimita 5, uviunge kwa kuacha milimita 6 kila upande wa mshono, ugandamize mishono yote miwili, na upime kipande cha katikati. Kinapaswa kuwa sentimita 3.8. Kikiwa 3.6, kabla ya kugusa cherehani geuza kitambaa uangalie kama mshono umelala hadi mwisho. Mshono ukiwa bado na mkunjo baada ya kuugandamiza mara ya pili kwa joto sahihi, irudishe pasi hiyo dukani muda wa kurudisha ukiwa haujapita.