Kabla Hujaongeza Chochote kwenye BMW E39

Ukitaka sedani ya Kijerumani yenye mwendo, iliyozeeka lakini bado inatengenezeka kwa spana na utulivu, BMW E39 ni gari ninalolitetea bila kusita. Ni Series 5 iliyoundwa Dingolfing, Bavaria, kuanzia 1995, na sedani zake za mwisho zilitoka 2003. Hapa nazungumzia hasa 530i, iliyokuja na maboresho ya Septemba 2000: injini ya M54, silinda 6 za mstari mmoja, ujazo wa sentimita za ujazo 2,979, nguvu za farasi 231. Ndugu yake M5 ana V8 ya lita 4.9 na farasi 400, na wengi huingia kwenye 530i huku wakiiota M5. Kuota ni haki ya kila mtu. Tatizo huanza pale rimu na egzosi zinaponunuliwa kabla ya rejeta.

Msimamo wangu ni huu: gari la umri huu lirudishwe kwanza lilivyotoka kiwandani, na maboresho yaingie kupitia mlango wa matengenezo. Kitu kikichakaa, hapo ndipo unapoweka kilicho bora zaidi, kwa sababu kazi ya kufungua na kufunga unailipa mara moja. Ukifuata utaratibu huo, gari hupanda daraja kidogo kidogo bila kukaa juu ya matofali miezi sita.

Kabla ya hela yoyote kutoka mfukoni, lijue gari lako kwa namba ya chesisi. Herufi na tarakimu 7 za mwisho ukiziingiza kwenye katalogi ya spea kama RealOEM zitakupa mwezi lilipoundwa, aina ya injini na giaboksi, na namba yenye tarakimu 11 ya kila kifaa. Ziandike namba hizo kabla hujaenda dukani. BMW walibadilisha vifaa katikati ya mwaka, na gari la Juni 2000 na la Desemba 2000 linaweza kutofautiana mahali ambapo macho hayaoni. Muuza spea wa Kirinyaga Road, Nairobi, au wa Ilala, Dar es Salaam, atakuhudumia vizuri zaidi ukimpa namba kuliko ukimpa mwaka na rangi.

Jua pia lilikotoka. Lililotoka Uingereza limetembea juu ya barabara zinazomwagwa chumvi wakati wa baridi, kwa hiyo litazame chini: sehemu za kupachikia jeki, kingo za mabati ya matairi, mabomba ya breki. Lililotoka Japani mara nyingi lina bodi safi na kilomita chache, ila kilomita chache za foleni ni saa nyingi za injini, na mpira hukauka hata gari likiwa limeegeshwa. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, hivyo E39 zilizopo huko zimekuwa nchini muda mrefu na zimepita mikono mingi. Tanzania huruhusu, kwa ushuru wa ziada wa uchakavu. Kwa hali zote mbili, faili la risiti lina thamani kuliko rangi inayong'aa. Kama muuzaji hana risiti hata moja, hesabu kwamba hakuna kilichobadilishwa, na upange bei yako kwa hesabu hiyo.

Mfuko wa matengenezo utengwe kabla ya kununua. Kama bei ya gari inamaliza akiba yote, basi gari hilo hujalimudu bado, hata kama muuzaji amekupunguzia.

Fundi naye atafutwe mapema, na swali la kwanza la kumuuliza ni anasomaje makosa ya gari. Mashine za kawaida husoma injini tu, na huenda zisione ABS (mfumo unaozuia magurudumu kujifunga kwenye breki), mifuko ya hewa wala giaboksi. Anayelijua gari hili atakuwa na programu kama INPA kwenye kompyuta ya mkononi pamoja na waya wake, na atajua kwamba matoleo ya awali yana soketi ya duara yenye pini 20 chini ya boneti. Mwombe akuoneshe makosa kabla ya kazi na baada ya kazi. Fundi mzuri hachukii kuombwa hivyo.

Sasa tufike kwenye maji, na hapa nitakaa, kwa sababu ndipo E39 nyingi zinapokufa. Bloku ya M54 ni ya aluminiamu. Ikichemka sana, hesi zinazoshika bolti za silinda hedi hulegea ndani ya bloku, na kuanzia hapo si gasketi tena: ni kutoboa upya, kuweka hesi za chuma, na bili inayoweza kukaribia bei ya gari lenyewe. Vyote vinavyoweza kusababisha hilo ni plastiki na mpira wenye umri wa zaidi ya miaka 20. Tangi la akiba la maji hupasuka kwenye mshono. Shingo ya rejeta hukatika mahali mpira wa juu unapoingia. Nyumba ya thamostati ni ya plastiki pia, na pampu ya maji inaweza kuwa na mapanga ya plastiki kutegemea nani aliifunga mara ya mwisho.

Vibadilishe vyote kwa pamoja: rejeta, tangi na kifuniko chake, mpira wa juu na wa chini, thamostati, pampu yenye mapanga ya chuma, mikanda, na roli zinazokaza mikanda. Najua inauma kutoa kitu ambacho bado hakijavuja. Lakini kukibadilisha kimoja kimoja maana yake ni kumwaga kulanti (dawa ya maji ya rejeta) ileile mara nne, na kila kipya kinaupeleka msukumo kwenye kile cha zamani kilichobaki. Fundi akumbuke kwamba nati ya feni, ya milimita 32, hufunguka kinyume cha kawaida. Feni ya umeme iliyo mbele ya kondensa (rejeta ndogo ya AC) nayo ipimwe, kwani kwenye foleni ya mchana wa Mombasa au Dar es Salaam, AC ikiwa imewashwa, feni hiyo ndiyo inayoliokoa gari lililosimama.

Tumia kulanti inayokubalika na BMW, nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa yasiyo na madini. Maji ya bomba yaache bombani. Hewa itolewe kwa utaratibu: swichi imewashwa bila injini, hita kwenye joto la juu kabisa, feni ya ndani polepole, kisha unajaza tangi taratibu huku skrubu ya hewa ikiwa wazi mpaka maji yatoke bila mapovu.

Usiuamini mshale wa joto. Kiwandani uliwekwa ukae katikati hata joto linapopanda na kushuka kwa nyuzi nyingi, na ukiuona unahama, umechelewa. Dashibodi yenye skrini ina menyu ya siri, ambapo jaribio namba 7 huonesha joto halisi la maji. Hufunguliwa kwa jumla ya tarakimu 5 za mwisho za chesisi. Ijue kabla ya safari ndefu. Katika mwendo wa kawaida utaona nyuzi tisini na kitu. Ikivuka 105 na kuendelea kupanda, simama kando, zima AC, fungua hita, na kama haishuki zima injini. Kifuniko cha tangi usikiguse mpaka kipoe.

Baada ya maji, oili na pumzi ya injini. M54 hubeba lita 6.5 za oili, na iwe yenye kiwango cha BMW Longlife-01, 5W-30 au 5W-40. Usisubiri kompyuta ya gari ikuambie. Kila kilomita 8,000 hadi 10,000 mwaga. Ikiwa gari linakunywa oili bila kutoa moshi unaoonekana, kabla hujalaumu ringi za pistoni angalia mfumo unaotoa mvuke wa oili ndani ya injini. Mabomba yake huziba na kupasuka, na ukishaitoa manifoldi (mabomba ya kuingiza hewa kwenye injini) ili kuufikia, badilisha kila mpira ulio karibu hapo. Gasketi ya juu ya valvu ikivuja, oili hujaa kwenye visima vya plagi na koili zinaharibika. Gasketi ya nyumba ya filta ya oili ni nyingine ya kutazamwa. Uvujaji wake hudondokea mkanda.

Kuna vitu viwili ambavyo wengi huvisahau, na ambavyo hurudisha nguvu kuliko filta yoyote ya hewa inayong'aa. Cha kwanza ni DISA, valvu iliyo ubavuni mwa manifoldi. Kibao chake hulegea na kugongagonga, na pini yake ikikatika inaweza kumezwa na injini. Kuitoa ni kazi ya muda mfupi, kwa hiyo itazame mapema. Cha pili ni sili za VANOS, mfumo unaogeuza majira ya valvu. Raba zake hukakamaa, na gari linakuwa zito chini ya mizunguko 3,000 kwa dakika. Watu wengi walioendesha 530i ya namna hiyo husema gari ni zuri ila limechoka, na hawajui kwamba uchovu huo una dawa. Sili mpya, DISA nzima, plagi mpya, filta ya petroli mpya, na utaona kwa nini wahandisi wa Munich walisifiwa kwa injini hii.

Giaboksi ya otomatiki huuzwa na hadithi kwamba oili yake ni ya maisha. ZF, waliotengeneza nyingi kati ya hizo, wenyewe wanashauri ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000. Fanya pamoja na filta na gasketi ya sampu (karai la oili lililo chini), na kiwango kipimwe injini ikiwa inaunguruma na oili ikiwa kwenye joto linalotakiwa. Kama giaboksi tayari inateleza, oili mpya haitaifufua. Pima hali yake kabla ya kutoa hela.

Hapa ndipo maboresho yanapoanza kwa haki. Barabara zetu zina matuta na mashimo, na E39 hubeba mbele kwa mikono ya aluminiamu yenye bushi za mpira. Ukikanyaga breki kwenye kasi ya 90 na usukani ukatetemeka, usikimbilie diski. Mara nyingi ni bushi za mikono ya mbele zimekatika. Ukinunua mikono mipya, nunua ya watengenezaji waliokipatia kiwanda vifaa kama Lemförder, au ile iliyoimarishwa ya Meyle HD. Ya bei rahisi isiyo na jina hudumu muda mfupi sana na kazi unailipa upya. Shokapu zikiisha, usirudishe laini za zamani. Bilstein B6 kwa springi za kawaida hukupa gari linaloshika kona bila kulishusha, na kushusha gari kwenye matuta yetu ni kutafuta kuvunja sampu. Bushi ngumu za plastiki kila mahali sizishauri kwa gari la barabarani, kwa sababu utazisikia mpaka kwenye meno.

Breki zifuate mwendo. Oili ya breki kila miaka 2, mipira ya kalipa, na pedi nzuri vinatosha kwa wengi. Diski za M5, zenye milimita 345 mbele, zinavutia lakini zinadai rimu kubwa. Kuhusu rimu, kabla hujalipa, pima tundu la katikati. E39 ina milimita 74.1 wakati BMW nyingi za zama zile zina 72.6, hata kama bolti ni zilezile 5 kwa 120. Rimu ya Series 3 haitaingia. Inchi 17 na tairi 235/45 ndipo ninapoona pana uwiano wa ushikaji na ustahimilivu wa mashimo.

Farasi za ziada ziwe za mwisho, na matumaini yawe madogo. Injini hii haina tabo (turbo), na egzosi pamoja na programu mpya vitaongeza sauti zaidi ya nguvu. Hela hiyo ingelipa kitu cha maana zaidi: difu yenye uwiano mfupi, inayolifanya gari lichomoke haraka zaidi, ukihakikisha kwanza kwamba inalingana na giaboksi yako. Anayetaka nguvu nyingi kweli aweke akiba ya M5 iliyotunzwa. Kuijenga moja kutoka 530i ni safari ya gharama kubwa kuliko kuinunua.

Umeme nao upewe siku yake: betri iliyo kwenye buti ipimwe kabla ya kulaumu kompyuta yoyote, na taa za ABS, DSC (mfumo wa kuzuia gari kuteleza) na breki zikiwaka pamoja, sensa za magurudumu zipimwe kabla ya kununua moduli.

Ukishamaliza kazi ya chini, bolti za bushi zikazwe gari likiwa limekaa kwenye uzito wake. Zikikazwa likiwa hewani, mpira hujipinda na kukatika mapema. Kisha alaimenti (kunyoosha magurudumu), na umwambie fundi kwamba BMW hupima gari likiwa na mzigo: kilo 68 kwenye kila kiti cha mbele, 68 katikati ya kiti cha nyuma, 21 kwenye buti, na tangi limejaa. Mifuko ya mchanga inatosha, na ipimwe kwenye mizani kabla ya kuondoka nyumbani.