Kabla ya Kuiita Baridi Yabisi: Namna ya Kusoma Maumivu ya Viungo

Ikifika Juni na ukungu ukatanda Moshi na Arusha, kila anayelalamikia viungo huambiwa ana baridi yabisi. Anaongeza soksi, anajipaka dawa ya kuchua, ananunua diklopa ya kutuliza maumivu. Baridi huzidisha maumivu lakini si yenyewe inayoleta ugonjwa. Magonjwa ya viungo, misuli na mifupa ya jamii hii yanazidi 100, na dawa inayomfaa mgonjwa mmoja yaweza kumdhuru jirani yake. Hatua ya kwanza ya kuyatenganisha haihitaji maabara. Inahitaji daftari, saa na wiki mbili.

Kila asubuhi andika saa uliyoamka na dakika zilizopita mpaka vidole vikaweza kufunga ngumi, au goti likakunjika bila shida. Chora viganja viwili na nyayo mbili, weka alama kwenye kila kiungo kinachouma, na alama nyingine kwenye kilichovimba. Kuuma na kuvimba ni mambo mawili. Bonyeza uvimbe: ukibonyea, ndani kuna maji au utando uliovimba; ukiwa mgumu, huenda ni mfupa uliokua. Piga picha kwa simu, maana uvimbe una tabia ya kutoweka siku ya kliniki. Andika pia homa, upele, vidonda vya mdomoni, na kila kidonge ulichomeza.

Ukakamavu huo wa viungo asubuhi ukiisha kabla ya dakika 30, na maumivu yakazidi jioni au unaposhuka mteremko, fikiria kusagika kwa viungo, hasa magoti, nyonga na maungio ya vidole karibu na kucha. Watu husema mafuta ya goti yameisha, kisha wanakunywa maji ya bamia. Bamia ni mboga nzuri, ila ute wake unaishia tumboni. Kilicholika ni gegedu, yaani tishu laini inayofunika ncha za mifupa, na kinachosaidia ni msuli wa paja. Kaa kwenye kiti, nyoosha mguu mmoja, ushikilie sekunde 5, ushushe. Mara 10 kila mguu, asubuhi na jioni. Kwa mwenye uzito mkubwa, kila kilo inayopungua huliondolea goti takriban kilo 4 za mzigo katika kila hatua.

Ukakamavu ukizidi saa nzima, viganja vyote viwili vikavimba kwenye vifundo na maungio ya vidole lakini yale ya karibu na kucha yakasalimika, na hali ikadumu wiki 6 au zaidi, hapo ndipo jina la baridi yabisi linastahili. Kinga ya mwili inashambulia utando wa viungo, na mara nyingi mifupa huanza kuliwa ndani ya miaka miwili ya kwanza. Kwa hiyo kutuliza maumivu tu hakutoshi. Dawa kuu ni methotreksati, nayo humezwa MARA MOJA KWA WIKI. Chagua siku moja, iandike kwenye pakiti. Aliyeimeza kila siku kwa kukosea ameharibu uboho wake, na wengine wamekufa. Huambatana na asidi ya foliki siku nyingine, vipimo vya damu na ini, na haifai kwa mjamzito wala mnywaji.

Jongo, au gauti, halihitaji wiki mbili kulitambua. Dole gumba la mguu linawaka usiku, kufikia kesho yake hata shuka haligusiki, kisha linatulia ndani ya siku chache au wiki moja hadi mbili. Nyama na pombe ya mbege vina lawama yao, lakini dawa za presha zinazoongeza mkojo nazo huchangia, na figo zilizochoka pia. Asidi ya yuriki, taka ya kwenye damu inayoleta jongo, yaweza kusoma kawaida shambulio likiendelea. Rudia kipimo baada ya wiki mbili hadi nne.

Mgongo una mambo yake huku kwetu. Ukianza kuuma kabla ya miaka 45, ukazidi ukilala na kupungua ukitembea, yaweza kuwa uvimbe wa maungio ya uti wa mgongo. Lakini uliza maswali mengine mawili kwanza. Je, unakunywa maziwa mabichi na kupata homa za kuja na kuondoka? Pima bruselosi, ugonjwa unaotoka kwa mifugo, na usisahau kifua kikuu cha uti wa mgongo. Je, umekulia chini ya Mlima Meru, pande za Maji ya Chai au Ngurdoto, na meno yana madoa ya kahawia? Maji mengi ya huko yana madini ya floridi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita. Ikijikusanya kwa miaka hukaza mgongo na shingo, na huwapinda watoto miguu. Kuyachemsha hakuiondoi, maji yakipungua sufuriani floridi inazidi kukolea. Chujio la mkaa wa mifupa huipunguza, ila mkaa huo huchoka na lazima ubadilishwe. Magadi ya kulainishia maharage nayo yana floridi, basi loweka maharage usiku kucha.

Yaliyo nadra hujitangaza nje ya viungo. Lupasi, ugonjwa mwingine wa kinga kushambulia mwili, hupendelea wanawake walio katika umri wa kuzaa: upele wa mashavuni usiopenda jua, nywele kunyonyoka, na mkojo wenye povu unaoashiria figo. Vidole vinavyogeuka vyeupe kisha bluu asubuhi ya Julai, na ngozi inayokaza, huelekeza kwenye skleroderma, ugonjwa wa kukakamaa kwa ngozi. Anayeshindwa kuchana nywele au kuinuka kwenye kiti huenda ana misuli dhaifu, hata kama hasikii maumivu.

Mtoto wa miaka 5 hadi 15 ambaye maumivu yake yanahama, leo goti kesho kiwiko, wiki mbili tatu baada ya kuumwa koo, apelekwe hospitali: huenda ni homa ya rumatiki, nayo hupona viungoni na kuacha jeraha kwenye vali za moyo. Kiungo kimoja kilichovimba ghafla, chenye moto na homa, ni cha kupelekwa hospitali siku hiyohiyo. Usaha ukiwa ndani yake hula gegedu kwa siku chache.

Ukienda zahanati kuomba rufaa ya Mawenzi, Mount Meru au KCMC, beba daftari na pakiti zote za dawa. Diklopa ina diklofenaki ndani yake. Ukiongeza ibuprofeni umemeza mbili za jamii moja, na tumbo na figo ndizo zinazolipa. Kipimo cha damu cha baridi yabisi kikiwa chanya peke yake hakitoshi, kwani hata kifua kikuu huweza kukigeuza. Na unga usio na lebo unaomaliza maumivu ndani ya siku moja, shuku kwamba una steroidi, dawa kali za kushusha uvimbe. Kama umeutumia kwa wiki kadhaa, usiuache ghafla, mwambie daktari akushushie dozi polepole.