Donge la Mkate la Dukani: Hala, Maziwa na Nani Awashe Oveni

Unga uliokwisha kukandwa huuzwa ukiwa umegandishwa katika maduka makubwa ya Marekani, Uingereza na Israeli, na jikoni mwa Kiyahudi unazua maswali kuliko unga mkavu. Mengi huamuliwa na jambo moja: siku donge hilo lilipokandwa, lilikuwa mali ya nani?

Torati, Hesabu 15:17–21, inaagiza sehemu ya donge itengwe kwa ajili ya kuhani. Sehemu hiyo ndiyo hala. Mkate wa kusuka wa Sabato umeazima jina tu. Siku hizi hala hailiwi na yeyote, kwa kuwa hakuna aliye katika hali ya usafi wa kiibada inayotakiwa. Huteketezwa. Wajibu wake hushika pale unga na maji vinaposhikana kuwa donge moja. Kama wakati huo donge lilikuwa mali ya asiye Myahudi, limeshasamehewa, hata Myahudi akilinunua dakika tano baadaye, na hata kama mikono iliyolikanda ilikuwa ya Myahudi aliyeajiriwa. Hukumu hii imo katika Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za Kiyahudi.

Hatua ya 1: Soma pakiti. Tafuta alama ya taasisi ya usimamizi wa kosher (chakula kinachoruhusiwa na sheria ya Kiyahudi), kama OU, OK, Star-K, au KLBD ya London. Herufi K ikisimama peke yake haitoshi, maana kiwanda chochote kinaweza kuichapa. Uliza nani yuko nyuma yake. Usiseme "ni unga na hamira tu". Donge la kiwandani huwa na viungo vya kulainisha: E471 na E472e vinaweza kutokana na mimea au na mafuta ya mnyama, na lebo haikuambii; E920 mara nyingi hutokana na manyoya ya ndege. Kisha tafuta maziwa, maana hayaliwi pamoja na nyama: unga wa maziwa, siagi, maji ya jibini. Alama yenye D pembeni ni onyo la maziwa, na tutalirudia chini.

Hatua ya 2: Ulizia mwenye kiwanda. Piga simu au andikia taasisi iliyoweka alama, uliza mawili tu: je, kampuni ni ya Wayahudi, na kama ni yao, je, hala hutengwa kiwandani? Mwenye kiwanda akiwa si Myahudi, suala la hala limekwisha; nenda hatua ya 6. Akiwa Myahudi na hala imetengwa, vilevile. Pakiti za Israeli kwa kawaida huandika kwamba hala imetengwa.

Kazi iko kwenye kundi la tatu: kiwanda cha Wayahudi na hala haikutengwa, au hujapata jibu.

Hatua ya 3: Pima, lakini jua unachopima. Kwa donge la nyumbani tunahesabu unga mkavu. Chini ya kilo 1.23, hakuna kutenga. Kuanzia hapo hadi kilo 1.666, tenga bila baraka. Kuanzia kilo 1.666, tenga kwa baraka, ingawa wapo wanaosubiri hadi kilo 2.25 ndipo waseme baraka. Fuata desturi ya rabi wako.

Kosa kubwa hutokea hapa. Mtu anashika donge la ratili moja, gramu 454, anajua unga wake ni kama gramu 270, anasema "halijafika kipimo". Kwa unga wa nyumbani angekuwa sahihi. Lakini donge hili limekatwa kutoka kwenye donge la mamia ya kilo, na wajibu ulishika kule kwenye mashine kabla ya kukatwa. Wajibu ukishashika, kukata vipande vidogo hakuufuti. Kwa hiyo donge moja la kiwanda cha Wayahudi ambalo halikutengewa hala linahitaji kutengewa, dogo vivyo hivyo. Ukiwa na uhakika kwamba kiwanda ni cha Wayahudi na kwamba hala haikutengwa, rabi atakwambia kama useme baraka. Ukiwa na shaka, tenga bila baraka.

Hatua ya 4: Tenga. Usitenge likiwa jiwe. Liyeyushe ndani ya jokofu usiku kucha, saa 8 hadi 12, likiwa limepakwa mafuta na kufunikwa lisiote ngozi. Likilainika, na kabla ya kuumba:

Weka madonge yote yanayohitaji hala pamoja ndani ya bakuli au sinia moja, yagusane, ufunike kwa kitambaa. Kama unasema baraka, iseme sasa: "Umetukuzwa, Bwana Mungu wetu, Mfalme wa ulimwengu, uliyetutakasa kwa amri zako na kutuamuru kutenga hala." Nyofoa kipande cha gramu 30 hivi na useme, "Hii ni hala." Basi.

Tahadhari moja nzito: usichanganye kwenye sinia hiyo donge lililosamehewa na lenye wajibu, kisha ukanyofoa popote. Kilichonyofolewa kwenye donge lililosamehewa hakilikomboi lile lenye wajibu. Kwa sababu hiyohiyo, ukitaka kuunganisha donge la dukani na unga uliokanda mwenyewe, tenga hala ya unga wako kwanza, ndipo uviunganishe.

Hatua ya 5: Teketeza. Funga kipande kwenye foili mara mbili, ukiunguze mpaka kiwe mkaa: juu ya jiko, chini ya moto wa juu wa oveni, au ndani ya oveni kabla mikate haijaingia. Usikioke sambamba na mikate kikiwa wazi. Asiyeweza kuchoma hukifunga mara mbili na kukitupa kwa heshima.

Hatua ya 6: Moto. Mkate uliookwa na asiye Myahudi una sheria zake za tangu enzi za Mishna. Zinahusu kuoka, si kukanda. Hivyo donge lililokandwa na kiwanda chochote chenye alama huwa "mkate wa Kiyahudi" kama Myahudi ana mkono katika kuoka: awashe oveni, aongeze moto, au aingize mkate. Angalia pia oveni yenyewe. Iliyotapakaa mafuta ya nyama itaufanya mkate uwe wa nyama.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Nafanya kazi kwa familia ya Kiyahudi Nairobi. Mama mwenye nyumba akiwa kazini, naweza kukanda na kuoka?*

Marahaba, dada. Kanda, umba, acha uumuke. Hayo yote unaweza. Oveni aiwashe yeye kabla hajatoka, au mtoto wake. Lakini ona tofauti: ukikanda kilo mbili za unga wake, donge ni mali yake, kwa hiyo lina hala ingawa mikono ni yako. Hala hiyo usitenge wewe, haitahesabika. Mwachie donge limefunikwa, au mikate iliyookwa; hala hutengwa hata kwenye mkate uliokwisha kuiva.

*Ijumaa usiku, mikate iko mezani, nimekumbuka sikutenga. Je, tulale bila mkate?*

Siku ya Sabato haturuhusiwi kutenga. Ukiwa nje ya Israeli, kuleni, mbakize kipande kikubwa kuliko hala, na Sabato ikitoka utenge hala kutoka kwenye kipande hicho. Ndani ya Israeli ruhusa hii haipo. Mkate huo husubiri.

*Kipande cha hala kimeniponyoka kikarudi kwenye donge.*

Usioke kwanza. Mpigie rabi. Ipo njia ya kuifungua hala kama nadhiri inavyofunguliwa, kisha ukatenga upya.

*Nimenunua madonge sita, sasa naona yana unga wa maziwa. Nikiula na jibini tu kuna tatizo?*

Ndiyo, lipo. Mkate wa maziwa umekatazwa wote, hata mkavu, kwa kuwa mtu atausahau na kuula na nyama. Kuweka ahadi ya "jibini tu" hakusaidii. Njia ni mbili: uoke kidogo cha kutosha mlo mmoja, au uupe umbo tofauti kabisa na mikate yako ya kawaida kabla haujaingia moto. Ukishaiva kama mkate wa kawaida, umechelewa.

*Mandazi na chapati?*

Chapati ya kikaangio chenye mafuta kidogo ya kuzuia kushika huhesabiwa kama mkate, hivyo kipimo cha hatua ya 3 kinaifuata. Mandazi yanaelea katika mafuta, na wanazuoni wamehitilafiana tangu zamani kuhusu donge zito la kukaanga. Likifika kipimo, tenga bila baraka.

*Huku Mbale tunachanganya unga wa mahindi na ngano. Tunahesabuje?*

Hala iko kwenye nafaka tano tu: ngano, shayiri, rai, spelti na shayiri ya uji, yaani oti. Mahindi, mtama, wimbi, mchele na muhogo, peke yake, havina. Katika mchanganyiko wenu, pimeni ngano kwanza: ikifika kilo 1.666 peke yake, tengeni kwa baraka. Ikiwa chini ya hapo, mwambieni rabi uzito wa kila unga, kwa sababu jibu la mchanganyiko hutegemea ladha ya nafaka na aina ya unga ulioongezwa.

*Donge la friza lililonunuliwa wiki moja baada ya Pasaka?*

Uliza duka ni la nani. Kilichotiwa chachu kikawa mali ya Myahudi siku za Pasaka hakiliwi hata baada yake, isipokuwa mwenye duka alikiuza kwa asiye Myahudi kabla ya sikukuu. Duka la asiye Myahudi halina shida hiyo, mradi na msambazaji aliyewaletea mzigo asiwe Myahudi aliyeuhifadhi ghalani bila kuuza.