Mpeni mgeni masazo: kumpokea mkimbizi katika jumuiya

Mgeni akifika kwenye jumuiya ya kanisa huko Igoma au Buhongwa, jijini Mwanza, akasema ametoka Burundi au Kongo, msianze na dhehebu lake. Muulizeni watoto wamekula nini na usiku watalala wapi. Walawi 19:34 inaagiza mgeni apendwe kama mzalia, na sababu yake ni hii: ninyi nanyi mlikuwa wageni Misri.

Kisha karatasi. Sheria ya Wakimbizi ya 1998 inamtaka mkimbizi aishi katika eneo lililotengwa, kama Nyarugusu mkoani Kigoma, na akitoka awe na kibali. Kumficha ndiko kunakomponza. Mtafutieni kwanza msaada wa kisheria, halafu watu wawili wamsindikize kwenye ofisi inayohusika na wakimbizi; asiende peke yake.

Kwa chakula, hesabuni gramu 400 za unga kwa mtu kwa siku. Familia ya watu 5 inahitaji kilo 14 kwa wiki, na maharage kilo 2. Jumuiya nyingi hukwama hapa: wiki ya kwanza magunia yanarundikana, wiki ya tatu hakuna kitu. Nyumba 4 zipokezane, kila moja wiki yake. Pelekeni nyumbani, si mbele ya altare.

Baadaye kidogo utasikia, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Wengi huitumia kumfukuza mtu, wakasahau neno "mpe": jembe linatoka kwa mwenyeji. Ndivyo Boazi, mwenye shamba, alivyomfanyia Ruthu, mjane mgeni kutoka Moabu, kwa masazo, yaani masuke yanayoachwa shambani wakati wa kuvuna (Ruthu 2). Hakumgawia Ruthu nafaka ghalani. Aliwaamuru vijana wamdondoshee masuke makusudi na wasimkemee, na jioni Ruthu alipura yapata efa moja ya shayiri, kama debe moja hivi. Alirudi na jasho lake, heshima yake ikiwa nzima.

Kwa mwanika dagaa wa Igombe au Kayenze, kando ya ziwa, masazo ni kumwachia mgeni mwenye kibali cha kazi sehemu ya kugeuza na kupepeta. Mlipeni sawa na wenzake. Ukimlipa pungufu, vibarua wenyeji watamwona amekuja kuwashushia ujira, na chuki hiyo mahubiri hayaiondoi.

Msimsimamishe kanisani asimulie vita. Muwekeni kwenye zamu ya sala ya nyumba kwa nyumba, na kwake mfike pia, hata kama ana chumba kimoja na wengine mtakaa nje kwenye mkeka.