Koti namba 50 si la pandikizi la mtu
Mnaotafuta koti la kuvalia juu ya kanzu pale sokoni Darajani, Unguja, msiikimbie namba 50. Hiyo ni saizi ya Ulaya, yaani nusu ya mzunguko wa kifua kwa sentimita. Pitisha futi kamba chini ya makwapa, kifua kilipojaa zaidi, ilale sawa mgongoni wala usiikaze. Ukipata inchi 40, zidisha kwa 2.54: sentimita 101.6. Gawa kwa 2, ni 50 na ushei. Waingereza na Wamarekani huandika inchi zenyewe, 40. Ukiwa na haraka, ongeza 10 tu juu ya inchi. Hesabu hii ni ya makoti ya kiume. Ya kike yana namba zake. Mabega lazima uyajaribu mwilini, maana kuyarekebisha ni kazi nzito kwa fundi.