Kabla ya siku ya upasuaji: yanayofanya uambiwe "leo haiwezekani"

Upasuaji wa kupangwa, uwe wa ngiri, tezi dume au uvimbe kwenye kizazi, huahirishwa kwa sababu nyingi zisizo mikononi mwa mgonjwa. Akiingia mjamzito ambaye mtoto wake amechoka tumboni, meza ni yake, na walio mwishoni mwa orodha husubiri. Mashuka yaliyotakaswa yakiisha, umeme ukisumbua au kitanda cha ICU (wodi ya wagonjwa mahututi) kikikosekana, hali ni hiyo hiyo. Kulaumu wauguzi hakusaidii. Uliza mapema wewe ni wa ngapi kwenye orodha, ujue matumaini yako yakoje.

Yaliyo mikononi mwako yaanzie kwa daktari wa usingizi, na umwone siku kadhaa kabla, si asubuhi yenyewe. Yeye ndiye mwenye neno la mwisho. Nenda na dawa zako zote kwenye mfuko, za mitishamba zikiwemo.

Presha ndiyo inayowaangusha wengi, tena kwa jambo dogo: mtu ameambiwa asile, basi anaacha na vidonge. Akipimwa mlangoni mwa thieta akakutwa amevuka 180/110, madaktari wengi watasita. Vidonge vingi vya presha humezwa asubuhi ile kwa maji kidogo, vichache husimamishwa. Taja dawa yako kwa jina uambiwe iko kundi gani. Wenye sukari wanaojichoma insulini waelezwe wajichome kiasi gani siku hiyo. Warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, kwa kawaida huachwa siku 5 hivi kabla, lakini usiiache kwa uamuzi wako.

Kisha kufunga. Kwa mtu mzima asiye na tatizo lingine, chakula huachwa angalau saa 6 kabla, maji matupu saa 2. Chai ya maziwa na uji ni chakula. Kilichomo tumboni kinaweza kupanda na kuingia kwenye mapafu ukiwa umelala, ndiyo maana hakuna kubembelezana hapa. Kwa watoto, mwelezeni bibi mapema. Huruma yake na biskuti moja vimeshaharibu zamu nyingi. Mtoto akianza mafua au kukohoa, pigeni simu hospitalini kabla ya kupanda gari.

Damu isisubiri asubuhi. Ndugu wakitakiwa kuchangia, waende siku kadhaa kabla, maana damu hupimwa UKIMWI, homa ya ini na kaswende kabla ya kutumika. Kibali cha bima nacho kifuatilie mapema.

Hina na rangi ya kucha ziondolewe au zisipakwe kabisa: kifaa kinachopima oksijeni hubanwa kidoleni na huweza kusoma vibaya.

Fomu ya ridhaa mtu mzima mwenye akili timamu hujisainia mwenyewe. Hata hivyo, mjadala wa wajomba na mashangazi uishie nyumbani. Ukianzia wodini, atapelekwa mwingine.

Ukiahirishwa, usiondoke bila tarehe mpya iliyoandikwa kwenye faili na namba ya simu ya wodi. Uliza pia vipimo gani vitarudiwa, hasa kile cha kulinganisha damu yako na ya mchangiaji, kwa sababu sampuli ya kipimo hicho hutumika kwa siku chache tu.